Amekubali Mwenyewe

Mwaka nilipomaliza darasa la nne, wasichana tuliobaki darasani tulikuwa wawili. Tulipoanza tulijaza madawati matatu ya mbele. Mmoja aliondolewa alipovunja ungo. Mwingine mama yake alijifungua mapacha, akahitajika mlezi. Mwingine baba yake alisema sasa anajua kusoma jina lake, anataka kujua nini tena. Waliosalia sikumbuki walikwenda wapi. Asubuhi ulikuta nafasi wazi kwenye dawati, mwalimu anapitisha macho, anaendelea na hesabu. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alijua jibu.

Hiyo ilikuwa Mbozi, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita yao ya pili. Misheni ilikuwa na shule, zahanati na bweni la wasichana. Nililala bwenini kwa kuwa nyumbani kwetu, upande wa juu wa Nanyala, palikuwa mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, akaona aibu mzee wa kanisa kuwa na watoto wasioweza kusoma Neno. Sababu ilikuwa hiyo tu. Wanaosema nilikuwa na baba mwenye kuona mbali, nawaambia hapana, nilikuwa na baba mwenye kuona haya.

Bweni lilikuwa chini ya mwalimu mmoja wa kizungu, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi mara mbili. Tulimwita Bibi Mwalimu. Alitupima kucha kila Jumatatu, na aliyekutwa na uchafu alikosa chai. Sikumpenda sana. Lakini ni yeye peke yake, katika watu wazima wote niliowajua, aliyewahi kuniuliza nataka kuwa nani. Nilimjibu nataka kuwa mwalimu, nikaangalia chini nikingoja acheke, na hakucheka.

Siku ya kufunga shule kwa Krismasi aliniita ofisini kwake. Akanieleza kwamba kuna shule ya wasichana ng'ambo ya milima ya Mbeya, shule ya kulala, ambako msichana husoma mpaka darasa la nane na baadaye hujifunza ualimu. Misheni yetu ilikuwa imepewa nafasi moja.

"Nafasi hiyo ni yako," alisema. "Lakini ni sharti baba yako akubali kwa maandishi. Nitampelekea barua baada ya mwaka mpya."

Nilitembea njia yote ya kwenda nyumbani nikiwa sihisi miguu. Yule mwenzangu wa darasani alilia, nami sikumbembeleza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, labda na mitano, na nilikuwa na kitu ambacho hakuna msichana wa kwetu aliyekuwa nacho. Nilimwambia baba jioni ileile, nimepiga magoti, macho chini, kama inavyotakiwa. Akatafuna kwanza akamaliza, akasema, "Tutaona." Nilikuwa mjinga kiasi cha kuihesabu hiyo tutaona ya baba kuwa nusu ya ndiyo.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa amerudi kutoka kwenye migodi ya shaba, upande wa Rodezia. Alipitia Tunduma akiwa na blanketi mbili, kofia na kikohozi. Alikuwa amechumbia msichana, na wazazi wa msichana walitaka ng'ombe wafike kabla ya mavuno. Kwetu, ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya dada ndio wanaokwenda kumlipia kaka mahari. Kila mvulana ana dada yake wa kumletea ng'ombe hao, na dada wa kaka yangu nilikuwa mimi. Jambo hilo nililijua kama nilivyojua kwamba mvua hunyesha. Sikuwahi kukaa chini nikafikiri kwamba siku moja itaninyeshea mimi.

Nami nilimpenda kaka yangu, ndilo jambo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika. Siku yangu ya kwanza ya shule mto ulikuwa umejaa, na ni yeye aliyenivusha mabegani, nikiwa nimeshika kichwa chake kwa mikono miwili.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kukaa nasi sikukuu hiyo. Shangazi kwetu ni baba aliyevaa kitenge, neno lake halipingwi. Habari ya shule ya mbali ilimfikia kabla hajaweka mzigo chini.

"Msichana wa kalamu huwaandikia wanaume barua," alisema, akiniangalia ninavyosonga ugali. "Na huo ugali una madonge."

Ulikuwa na madonge kweli. Niliendelea kusonga.

Januari mvua zilishika, magugu yakafika magotini. Kila asubuhi nilikwenda kupalilia mahindi na jembe langu la zamani, lililolika hadi likabaki upana wa kiganja. Bibi Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu cha jiografia, nami kila siku nilipiga hesabu: nikimaliza sehemu yangu mapema, nitapata muda wa kusoma kabla ya kwenda kuchota maji. Basi asubuhi moja nikakuta jembe jipya limeegemezwa ukutani mwa jiko la mama. Mpini wake ulikuwa mweupe, umechongwa vizuri, na niliitambua kazi ya mkono wa kaka. Nikadhani ni zawadi yake kwa nyumba, ameleta kutoka safarini.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Nililichukua lile jembe jipya, nikalipima mkononi, nikaliona zuri. Mama aliniangalia. Akaliangalia jembe. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

"Funga kitambaa kichwani," alisema. "Kuna umande."

Nililima siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Jembe liliingia ardhini bila kusukumwa. Nilimaliza sehemu yangu jua halijafika utosini, nikalitia begani, nikashika njia ya nyumbani huku nikirudia kimoyomoyo majina ya mito ya Ulaya. Nilipokaribia nyumbani nikamwona shangazi amesimama katikati ya njia na wanawake wa jirani. Wakapiga vigelegele. Shangazi akachota unga wa ulezi kwenye bakuli, akanipaka kwenye paji la uso.

Nilidhani barua ya Bibi Mwalimu imefika na baba amekubali. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo nilivyodhani. Nilicheka pamoja nao. Nilimkumbatia shangazi, mtu ambaye sikuwahi kumkumbatia, naye akanipigapiga mgongoni akisema, "Sasa umekuwa mtu."

Aliyeniambia ukweli ni mke wa jirani, baada ya kuona ninavyouliza maswali ya ajabu. Jembe lilikuwa limeletwa na mshenga, kaka alilitia mpini tu. Kwetu, anayetaka kuoa hutuma jembe jipya, likaegemezwa kwa mama wa msichana, na hakuna anayesema neno. Msichana asipotaka, hulipita kila siku kama halioni, mpaka mwezi unapokwisha mshenga analirudisha, na hakuna aliyekosewa heshima. Akilichukua na kuingia nalo shambani, amekubali kwa mkono wake mwenyewe. Hawezi tena kusema alilazimishwa.

Nakiri kwamba ulikuwa utaratibu mzuri. Ulimpa msichana nafasi ya kukataa bila kufungua mdomo, jambo ambalo kanisa halikutupa. Lakini mambo hayo wasichana walijifunza kwa bibi zao, walikolala pamoja tangu wakiwa na miaka kumi. Mimi usiku nililala bwenini, ambako Bibi Mwalimu alipiga marufuku mazungumzo ya mila, akiyaita mambo ya giza. Hakuna msichana aliyelelewa nyumbani ambaye angelishika jembe lile kwa bahati mbaya. Ni mimi tu niliyesoma.

Nilimfuata mama jikoni.

"Mama, uliniona nikilichukua."

"Nilikuona."

"Ulijua kwamba sijui."

Alipuliza moto, akapuliza tena, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. "Kaka yako anakohoa," alisema. "Akirudi kule kwenye shaba atakufa. Akioa atakaa."

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe hukohoi." Akaacha kupuliza. "Mimi nani aliniambia, mwanangu? Na mimi nililiona zuri."

Nilitaka kumpiga. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Nilisimama pale nikatamani kumpiga mama yangu, kisha nikaona mikono yake, imepasuka kwa baridi na majivu, nikatoka nje.

Barua ya Bibi Mwalimu ilifika wiki ile, mkononi mwa mwinjilisti. Baba alisubiri Jumapili ibada ipite, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, akaniita. Baba alijua kusoma. Alijifunza ukubwani, kwa kufuata maneno na kidole, polepole, akitamka kila silabi. Kuandika hakujua. Barua zote za nyumba yetu niliziandika mimi, na za nusu ya kijiji pia.

"Lete kalamu na wino," alisema.

Nilikaa mkekani na ubao magotini. Mkononi mwangu nilihisi ule utulivu ninaoupata kila nikishika kalamu, na siku ile niliuchukia. Baba alianza. Salamu nyingi katika Bwana. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipokea na nimeielewa. Nakushukuru kwa kumtunza binti yangu. Nafasi hiyo umpe mwingine, kwa kuwa binti yangu ameposwa.

Akaitazama karatasi. "Andika: amekubali mwenyewe."

Kalamu ikasimama. "Baba, hiyo siyo kweli."

Hakukasirika. Baba hakuwa mtu wa kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia watu kwenye baraza la kanisa: "Uliingia na jembe shambani, au hukuingia?"

"Niliingia, Baba."

"Basi andika."

Nisingeweza kuandika kitu kingine, kwa sababu angeipitia kwa kidole chake mpaka mwisho, na kweli aliipitia. Lakini nilipochovya kalamu kwa ajili ya maneno yale mawili nilipata wazo, na wazo lile lilinifanya nipumue. Bibi Mwalimu aliujua mwandiko wangu. Ndiye aliyeufundisha. Atakapofungua barua ataona kwamba mimi mwenyewe nimekalishwa chini nikaandikishwa kukataliwa kwangu. Moyo wake hautavumilia. Atapanda baiskeli yake aje, abishane na baba, mzungu na mzee wa kanisa, na baba atashindwa kwa haya. Basi nikaandika kwa uangalifu kuliko siku yoyote. Herufi zote zilisimama sawa, mstari haukupanda wala kushuka, sikudondosha wino hata tone. Nilitaka asiwe na shaka yoyote kwamba ni mimi.

Baba alitia dole gumba. Mwinjilisti akaondoka na barua asubuhi yake.

Mibuni ya baba ilikuwa midogo bado, na kutoka pale ilipopandwa ungeweza kuona njia yote mpaka bondeni. Nilijitolea kuipalilia kila siku. Shangazi alinisifu. Wiki ya kwanza zilipita baiskeli nyingi, ya mwinjilisti, ya karani wa chifu, na moja yenye mtu aliyebeba kuku. Wiki ya pili ilinyesha mfululizo, nikajisemea kwamba njia haipitiki. Wiki ya tatu njia ilikauka.

Kilichokuja ni kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha meza, kilichotariziwa maua pembeni, na kadi yenye mstari mmoja wa kunitakia baraka katika nyumba yangu mpya. Baba aliisoma kadi kwa kidole, akafurahi, akaionyesha kwa wazee wenzake. Nafasi yangu alipewa yule mwenzangu aliyelia. Nilisikia alisoma mwaka mmoja, halafu naye akarudishwa kuolewa.

Niliolewa Tunduma. Mume wangu alikuwa Mnamwanga, fundi cherehani, mwenye mashine yake kwenye baraza la duka la Mhindi, na nusu ya ndugu zake walikuwa upande wa pili wa mpaka. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakulewa kila siku, na chakula hakikukosekana. Kaka yangu alioa, akapata watoto, akaishi, na mke wake alikuwa mtu mwema ambaye sikuweza kumchukia nilivyojaribu. Kila mtu alipata alichohitaji. Nikilieleza hivyo, watu huniuliza sasa nalalamikia nini.

Hapo barazani walikuja wanawake na barua za waume zao kutoka kwenye migodi ya shaba, wakitafuta wa kuwasomea. Mwezi wa kwanza niliwasomea. Mume wangu alipogundua aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona.

"Mke wangu hawezi kujua siri za wanaume wengine," alisema. "Watu watasemaje?"

Baada ya hapo nilishona vifungo. Hakuna aliyeninyang'anya elimu, iliondoka yenyewe. Mwaka wa tatu nilichukua chaki ya kukatia nguo nikajaribu kugawanya kwa tarakimu mbili, juu ya meza ya kukatia, na sikukumbuka nianzie wapi. Nilifuta kwa kiganja kabla mume wangu hajaona. Siku hiyo nililia kuliko siku ya harusi.

Mtoto wangu wa tatu alipata homa isiyoshuka, nikapanda naye lori mpaka misheni. Zahanatini walimpa dawa, wakaniambia ningoje nje mpaka alasiri waone. Hapo ndipo Bibi Mwalimu alipopita. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alinitambua yeye kwanza, akanishika mikono, akasema anarudi Ulaya mwaka ule na anamshukuru Mungu kwamba ameniona kabla ya kuondoka.

Sikuwa nimepanga kumuuliza. Swali lilitoka lenyewe.

"Bibi, mbona hukuja?"

Hakuelewa kwanza. Nilipomkumbusha barua, uso wake ulilainika.

"Nilikuwa tayari kuja," alisema. "Niliposikia umechumbiwa nilitoa baiskeli. Wazazi wanapowakataza wasichana, barua huandikwa na karani au mwinjilisti, na mimi barua hizo siziamini, huenda mwenyewe. Lakini yako ilikuwa kwa mkono wako. Safi, haina doa. Nikasema, mtu anayelazimishwa mkono wake hutetemeka. Nikairudisha baiskeli."

Mtoto alikohoa kifuani pangu. Nikainama kumfunika. Bibi Mwalimu alidhani nimeguswa, na kwa namna yake alikuwa sahihi.

"Njoo nikuonyeshe," alisema.

Akanipeleka darasani, darasa la tatu, somo la mwandiko. Barua yangu alikuwa ameihifadhi miaka yote. Aliyaondoa majina, akaitumia kuwafundisha wasichana jinsi ya kujibu barua ya mkubwa kwa adabu. Maneno yalikuwa ubaoni, yote, kuanzia salamu nyingi katika Bwana. Wasichana walijaa madawati matatu ya mbele, wameinama juu ya vibao vyao, wananakili. Bibi Mwalimu aliwaambia kwamba mama huyu ndiye aliyeiandika barua ile alipokuwa na umri kidogo tu kuwazidi, nao wakasimama wote wakanisalimu kwa pamoja.

Msichana wa pembeni alikuwa amefika mstari wa mwisho na nafasi imemwishia. Alikuwa ameandika neno amekubali kwa herufi kubwa mno, na neno mwenyewe lilikuwa limejikunja kwenye ukingo wa kibao, halisomeki. Aliniangalia kwa wasiwasi.

"Msaidie," Bibi Mwalimu aliniambia. "Mwonyeshe jinsi inavyoandikwa vizuri."

Nilimhamishia mtoto kwenye bega la kushoto. Nikafuta kile kibao kwa kiganja, nikaichukua chaki mkononi mwa yule msichana, nikamwandikia.